Baba wa Ubatizo wa Simu za Upepo

Fulgencio Arandia alikuwa amesimama kwenye mteremko wa mtaa wa Sagárnaga, La Paz, saltenya, lile andazi la nyama, mkononi, mchuzi wa nyama ukimchuruzika kuelekea kiwikoni, aliposikia neno lililomfanya asahau njaa. Neno lenyewe halikuwa "dhahabu" wala "urithi." Lilikuwa "tumeshachanga."

Kwa wewe na mimi, tumeshachanga ni habari ya kawaida. Kwa Fulgencio ilikuwa kengele ya chakula.

Waliokuwa wakiongea walisimama mlangoni pa duka la sweta. Mmoja alikuwa mama wa makamo, sketi zake za marinda zimejaza mlango mzima, kofia ya duara kichwani na kishoka cha barafu kiunoni. Huyo ndiye Casilda Callisaya, mwenyekiti wa chama cha waongoza wapanda mlima. Mama zetu hupanda mlima wa Huayna Potosí na sketi zao hizo hizo, na mgeni anayecheka huwa amenyamaza kabla ya kufika kwenye theluji, maana pumzi ya kuchekea hana tena. Mwenzake alikuwa Rómulo Tarqui, katibu wa chama, mtu mwembamba mwenye macho ya usingizi.

"Tumeshachanga, Rómulo," alisema Mama Casilda. "Mwaka huu hapandi mtu na filimbi. Tunanunua simu za upepo."

"Zile za kwa Mzee Hilarión? Bei yake inatoboa mfuko, mama. Tulichonacho ni nusu."

"Basi zitafutwe nyingine. Ila ziwe zinasikika. Zisiposikika tutazika mtu, na mimi sitaki kuona tena kama ya Basilia."

Basilia ni mpwa wake. Msimu uliopita ukungu ulimkamata nyuma ya ukingo mweusi wa mlima, yeye na mtalii wake, wakakaa chini ya jiwe mpaka kulipokucha huku akipuliza filimbi. Waliomtafuta walipita upande wa pili wa ukingo, karibu kabisa, wasisikie kitu. Mtalii alirudi kwao na hadithi ya kusimulia. Basilia alirudi bila vidole viwili vya mguu wa kushoto, na sasa anauza sweta katika duka hilo hilo.

Fulgencio aliyasikia yote hayo vizuri, isipokuwa habari ya Basilia. Sikio lake lilikuwa na tabia ya kufunga duka kila mazungumzo yalipokaribia dhamiri.

Huyu bwana hakuwa mtu wa huku juu. Alizaliwa Santa Cruz, kwenye joto na miembe, akapanda La Paz kutafuta wajinga, kwa sababu wajinga ndio waliwao, na huko kwao alikuwa ameshawamaliza. Tangu afike alikuwa amefanya kazi ya udaktari wa meno, uwakala wa viza, na kwa majuma machache alikuwa mmiliki wa hisa katika magari ya waya yanayopita juu ya vichwa vyetu, hisa alizoziuza kwa mjane mmoja na kasisi mmoja. Na chini ya kitanda chake lilikuwepo kasha la simu za upepo za watoto, alilolinunua kwenye gulio la El Alto akitarajia Krismasi. Krismasi ilikuja ikaondoka. Simu zilikuwa za waridi, na kila moja ilikuwa na picha ya bata anayetabasamu.

Alimalizia saltenya, akalamba vidole, akaenda kununua rangi nyeusi.

*

Ofisi ya chama iko juu ya duka la kuku wa kukaanga, kwa hiyo kila mkutano wao hunukia sikukuu. Fulgencio aliingia amevaa koti lenye mifuko mingi, miwani isiyo na kazi, na mkononi sanduku lenye simu sita nyeusi. Kila moja ilikuwa na lebo, ESKIMO 5000, na chini yake maandishi ya Kijerumani ambayo Mjerumani mwenyewe angeomba tafsiri.

"Injinia Arandia," alijitambulisha. "Mawasiliano ya hatari. Sipendi kuongea juu yangu. Mmewahi kusikia habari za watu thelathini waliookolewa kule Alaska?"

"Hapana," alisema Mama Casilda.

"Kwa sababu waliokolewa mapema mno, hata magazeti hayakuwahi. Hizi ndizo walizokuwa nazo."

Mama Casilda alishika moja, akaigeuza. "Vitufe mbona vidogo hivi? Nikivaa glavu nitaviminya vipi?"

"Vimefanywa vidogo makusudi, mama. Kitufe kikubwa humtia mtu uvivu."

"Na betri? Kule juu baridi huua betri kabla haijaua mtu."

"Hii ni betri ya Siberia. Ukiiweka kwenye joto ndipo inapougua."

"Haya. Na mlima ukiwa katikati yangu na mwenzangu?"

Fulgencio alivua miwani, jambo alilolifanya alipotaka kusema uongo wa hali ya juu. "Mama, mawimbi ya kawaida hugonga jabali yakarudi na aibu. Ya Eskimo hupinda. Yanafika kwenye jabali, yanabisha hodi, yanazunguka, yanaendelea na safari. Lakini msiniamini mimi. Tuzipime. Katibu apande gari la waya mpaka El Alto, asimame ukingoni kabisa, nasi tubaki huku bondeni."

Hapo ndipo ulipokuwa ujanja wake, nami nitausema, kwa sababu mwizi mwenyewe hakuuficha sana. La Paz ni bakuli. Sisi tunaishi chini na ubavuni, El Alto imekaa kwenye mdomo wa bakuli, na aliye mdomoni humwona kila mtu aliye ndani. Simu ya upepo nayo ni kama jicho, panapoonekana inafika. Katika bakuli hili hata kichezeo cha mtoto huongea kama balozi.

Rómulo alipanda. Mama Casilda alitoka kwenye roshani, akaweka simu sikioni.

"Rómulo, unanisikia?"

"Nakusikia, mama!" sauti ilijibu, safi kabisa. "Hata kuku wa hapo chini nawasikia wanavyokaangwa! Ova!"

Wanachama walipiga makofi. Mama Casilda aliiondoa simu sikioni, akapangusa sikio kwa pembe ya shali, akaitazama ile pembe, akaikunja ndani.

"Zinasikika," alisema, basi.

Kwenye ngazi, Rómulo aliporudi, alimvuta Fulgencio pembeni. "Injinia, mama yule ni mgumu. Anamsikiliza mtu mmoja tu, na mtu mwenyewe ana kiu. Mkono mtupu haulambwi, bosi wangu."

Fulgencio alitaka kumkumbatia. Chama chenye katibu mla rushwa kilikuwa kwake kama nyumba yenye mlango wazi na kitanda kimetandikwa. Alimpa ya soda, Rómulo akaitia kwenye soksi, na kesho yake walikubaliana: nusu ya fedha papo hapo, nusu siku ya kuzibariki simu.

*

Nusu ya kwanza ilipokwisha kuingia mfukoni, Mama Casilda alimkaribisha Fulgencio kikombe cha api, uji wa mahindi wa moto, rangi ya zambarau, na andazi la jibini. Alikuwa mpole ghafla.

"Sasa, kaka yangu, wewe ndiye baba wa ubatizo."

"Wa nani, mama?"

"Wa hizi simu."

Fulgencio alitabasamu. Alijua kwamba huku kwetu kitu kipya hakilali ndani ya nyumba kabla hakijanyweshwa. Gari, cherehani, paa la bati, vyote humwagiwa pombe na kurushiwa karatasi za rangi ili Mama Ardhi asikasirike, na kila kimoja huwa na baba wa ubatizo. Alikuwa ameona magari yamevishwa maua kama bibi arusi. "Ni heshima kubwa," alisema.

"Heshima, ndiyo. Na kazi kidogo. Baba wa ubatizo huwatembeza watoto wake safari ya kwanza. Ndiyo mila ya chama chetu, tangu enzi za bibi zetu. Jumamosi tunapanda wote. Wewe tunakupeleka nyuma ya ukingo mweusi, tunakuacha peke yako kwenye jiwe na simu moja. Unatuita, tunakujibu, tunakuja kukuchukua."

Api ilimpalia. "Na... tuseme, kwa bahati mbaya, upepo, mvua... msiponisikia?"

Mama Casilda alimgeukia katibu wake. "Mila inasemaje hapo, Rómulo?"

"Mila haijasema," alijibu Rómulo kwa huzuni. "Hajawahi kurudi mtu akatueleza." Alivua kofia. "Baba wa ubatizo wa kamba alikuwa mcheshi sana yule bwana."

"Na wa mahema?"

"Wa mahema tulimpata, mama, usisahau. Barafu ilipoyeyuka."

Fulgencio alisema kwamba goti lake lilikuwa bovu. Wakasema lipo punda. Akasema mama yake alikuwa mgonjwa. Wakasema watamwombea kileleni, kutoka karibu zaidi. Akasema kanisa lake haliruhusu pombe. "Wewe huruhusiwi," alisema Mama Casilda, "lakini simu zinaruhusiwa." Kisha, akikusanya vikombe, kana kwamba amekumbuka jambo dogo: "Na Jumamosi atakuja Mama Encarnación wa chama cha wapishi na wapagazi. Nao wanataka za kwao. Arobaini. Wanasubiri tu kuona zetu zikifanya kazi nyuma ya ukingo."

Saa ile ile Fulgencio alikwenda kituo cha mabasi. Nataka tumtendee haki: mpango wake wa kwanza ulikuwa kula kona na nusu aliyonayo, mpango wa mtu mwenye akili timamu. Tiketi ilikuwa mkononi, basi linanguruma, na yule mama mwenye kazi ya kupaza sauti alikuwa akiuimba mji wake wa nyumbani, "Santa Cruuuuz! Santa Cruuuuz!" mpaka machozi yakamlengalenga Fulgencio. Mguu mmoja ulikuwa tayari kwenye ngazi ya basi.

Lakini arobaini ilikuwa imemkaa kichwani. Tamaa mbele, mauti nyuma, ndivyo wahenga walivyosema, ila wahenga hawakuwahi kueleza mtu afanye nini akiwa na wazo zuri. Naye alikuwa amepata wazo. Ikiwa zile sita zitafanya kazi kweli Jumamosi, angeuza arobaini za bata kwa bei ya Eskimo, na angerudi Santa Cruz kwa ndege, kiti cha dirishani. Kilichotakiwa ni chambo tu: simu sita za kweli, kwa siku moja ya maisha yake.

Alishusha mguu. Basi likaondoka.

*

Mzee Hilarión anauza simu za upepo nyuma ya soko la Lanza, katika chumba chembamba kiasi kwamba yeye akipiga chafya mteja hutoka nje.

"Nataka sita," alisema Fulgencio. "Za bei nafuu."

"Za kwenda wapi?"

"Mlimani. Kwenye theluji."

"Basi hutaki za bei nafuu." Mzee alimwekea moja mezani, nzito, imevikwa mpira. "Kitufe unakiona? Unaminya hata na glavu nene. Maji hayaingii. Ikianguka, inayoumia ni sakafu. Betri unalaza ndani ya koti, kwenye joto la mwili, unaitoa wakati wa kuongea. Ukiminya, ngoja kidogo, ndipo useme. Watu huminya na kupayuka pamoja, maneno ya mwanzo yanapotea, kisha wanailaumu simu yangu."

"Na mlima ukiwa katikati?"

"Inategemea mlima. Hakuna simu inayopenda jabali, na anayekwambia yake inapinda ni mwizi."

"Kweli kabisa," alisema Fulgencio kwa uchungu. "Watu hawana haya."

"Ila hii ina nguvu. Ukingo wa kawaida, inasikika upande wa pili. Wapanda mlima walikuja kuziangalia hizi hizi, yule mama mwenye kishoka. Walizipenda, fedha ikawa pungufu. Nimewawekea mpaka leo."

"Hakuna za chini kidogo? Betri ndogo hivi?"

Mzee aliisogeza ile nzito karibu naye. "Nani atakayekuwa ameishika huko nyuma ya jabali?"

Fulgencio alijiona mwenyewe, juu ya jiwe, kwenye ukungu. "Nipe zenye betri kubwa," alisema kwa sauti ndogo.

Betri kubwa zilimeza ile nusu yote. Zilimeza akiba yake, na saa yake ya mkononi, ambayo Mzee Hilarión aliipima kwa jicho moja akaikubali kwa robo ya bei aliyotarajia. Koti la mifuko mingi liliponea chupuchupu.

Kubadilisha simu hakukuwa na shida. Alimwambia Rómulo kwamba zile Eskimo zinahitaji kuamshwa mawimbi kabla ya baridi, na Rómulo akamkabidhi zote papo hapo, zimefungwa vizuri kwenye mfuko, bila swali hata moja isipokuwa la soda. Mtu mwenye wasiwasi angejiuliza kwa nini. Lakini Fulgencio alikuwa na shughuli: usiku ule alikaa kitandani akibandika lebo za ESKIMO 5000 juu ya simu halali. Kazi hiyo ilimuuma kuliko alivyotazamia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuuza kitu ambacho ndani kilikuwa bora kuliko nje, na alijisikia kama mtu anayetenda dhambi.

*

Jumamosi walipanda kwenye lori pamoja na makasha ya bia, marundo ya karatasi za rangi na Mama Encarnación, mwanamke mnene mwenye kicheko cha ngoma. Kufika ziwani chini ya mlima, kichwa cha Fulgencio kilikuwa kinagonga kama fundi bati. Walimpa majani ya koka atafune. Aliyatafuna yote mara moja kama mbuzi, nao kwa adabu wakatazama pembeni.

Wakazibariki. Simu sita zilipangwa juu ya kitambaa cha kusuka, zikarushiwa karatasi za rangi, zikanyunyiziwa singani, pombe kali ya zabibu, tone la kwanza kwa Mama Ardhi, la pili kwa mlima. Fulgencio alivishwa mikufu ya karatasi mpaka masikioni, akatoa hotuba juu ya wajibu wa mzazi. Ilikuwa hotuba nzuri, Mama Encarnación alilia.

Kisha wakamfunga kamba kiunoni, wakapanda.

Sitaeleza njia. Inatosha kusema kwamba mtu wa Santa Cruz aliomba msamaha kwa kila mtu aliyepata kumtapeli, kwa majina, na bado njia haikwisha. Walimfikisha nyuma ya ukingo mweusi, kwenye jiwe pana lililoinama.

"Hapa ndipo alipokaa Basilia," alisema Mama Casilda. Safari hii sikio la Fulgencio halikuwahi kufunga duka. "Kaa hapa hapa. Usitembee, chini yako kuna mipasuko. Tukifika upande wa pili, tuite."

Sketi zilipotea nyuma ya ukingo. Halafu ukungu ulikuja, kama mtu aliyealikwa, ukala kilele, ukala njia, ukala buti zake.

Fulgencio aliogopa. Hakuogopa kama mtu anayeogopa polisi, woga wenye raha ndani yake. Aliogopa kama mtoto. Aliitoa simu ndani ya koti, akaminya na kupayuka pamoja. "Mama Casilda! Mama! Ova! Ova!"

Hakikujibu kitu.

Akamwona Basilia ameketi pale na filimbi yake usiku kucha. Akaona watu wakipita upande wa pili na simu za bata mikononi, yeye akiwa kwenye basi, anasinzia. Ndipo alipomkumbuka mzee wa chumba chembamba. Aliminya. Akangoja kidogo. Akasema, polepole, "Mama Casilda. Ni mimi. Naomba mnisikie."

"Nakusikia, baba wa ubatizo," ilikuja sauti, karibu kama amekaa naye jiwe moja. "Unatetemeka mpaka huku inasikika. Ova."

Fulgencio aliibusu simu. Singani ilikuwa bado juu yake.

"Sasa tulia nikuambie kitu," sauti iliendelea, "na wenzangu wote wako hewani wanasikia. Simu zako za kwanza ziliniacha na sikio jeusi. Nilifika nyumbani nikakwaruza rangi kwa ukucha, nikakutana na bata. Ova."

Fulgencio aliikaza simu sikioni.

"Ningekuitia polisi," alisema Mama Casilda, "lakini polisi wangezichukua fedha zetu kama ushahidi, na Basilia hatapata vidole. Mimi nilitaka simu za Hilarión. Nikajisemea, mtu huyu anajua kutafuta fedha, sisi hatujui. Acha atutafutie."

"Lakini mila..." Fulgencio alisema, akasahau hata kusema ova. "Mila ya kumwacha baba wa ubatizo kwenye jiwe..."

Kicheko kililipuka hewani, sauti nyingi kwa pamoja, cha Rómulo juu ya vyote. "Mila hiyo, bosi wangu, niliitunga mimi na mama kwenye ngazi! Ulikuwa bado hujaonja api! Na yule wa mahema yuko Cochabamba, ana duka la viatu! Soda zako nilizitia kwenye mchango. Asante kwa kuchangia! Ova!"

"Na arobaini?" aliuliza Fulgencio, kwa kuwa mtu huzama akiwa bado ameshika alichokishika.

"Mimi?" ilisikika sauti ya ngoma. "Mimi ni shemeji yake Casilda, baba. Nauza supu. Niliambiwa kuna bia."

Mla cha mwenziwe na chake huliwa, lakini ni wachache wanaotangaziwa habari hiyo kwenye ukungu, na kwa mtambo walioununua wenyewe.

"Umemaliza kulia?" alisema Mama Casilda, na sasa sauti yake ilikuwa ya kazi. "Mkono wa kushoto uweke kwenye jabali. Usiuondoe. Teremka taratibu. Ukifika kwenye nyufa mbili uniambie, nikuambie wapi pa kukanyaga. Sitakuacha. Sisi hatuachi mtu."

Akamleta hivyo, hatua kwa hatua, mpaka Fulgencio alipoiona kofia ya duara kwenye ukungu. Alitaka kumtukana. Akajikuta ameshikilia shali ya mama na hataki kuiachia.

Huko ziwani, alipopata nguvu, alijaribu kudai nusu yake ya pili. Wakamwonyesha makasha matupu. Baba wa ubatizo ndiye anayelipa bia, na mila hiyo, uliza mtu yeyote huku kwetu, ni ya kweli.

*

Mjini shule, na Fulgencio hakuwa mwanafunzi wa kukata tamaa. Wiki ile ile alikuwa tena Sagárnaga, karibu na kanisa, akiwaonyesha watalii wawili sarafu za wafalme wa kale alizozitengeneza kwa vizibo vya bia. Mume alikuwa ameshatoa pochi.

Mlangoni pa duka la sweta, Basilia alikuwa ameketi na simu nyeusi ya mpira mapajani. Simu moja hubaki naye siku hizi, ndiye anayewapokea na kuwaongoza wote walio mlimani. Aliminya, akangoja kidogo, akasema kwa utulivu, "Baba wa ubatizo yuko kona ya kanisa. Anauza vizibo. Ova."

Kiongozi mmoja aliyekuwa akipita na kundi lake alisikia kiunoni mwake, akawanong'oneza wale watalii. Pochi ikarudi mfukoni.

Fulgencio akahamia mtaa wa Linares. "Amevuka, yuko kwa wauza dawa," simu nyingine ilisema. Akateremka mpaka uwanja mkubwa. "Namwona, amevaa koti la mifuko," alisema mtu kutoka kwenye gari la waya lililopita juu yake. Akapanda ngazi zote mpaka akahema damu, na kutoka mdomoni mwa bakuli, El Alto, Rómulo alikuwa akifurahi: "Usijisumbue bosi, huku juu nakuona popote! Ova!"

Katika La Paz panapoonekana simu inafika. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuonyesha.

Alirudi mpaka dukani, amechoka, akasimama mbele ya Basilia. Alitazama mguu wake wa kushoto, kisha akatazama pembeni.

"Dada," alisema, "mnanifukuza mjini kwa mali yangu mwenyewe."

Basilia aliminya. "Anasema ni mali yake. Ova."

Bakuli zima likacheka. Kicheko kilipokwisha, ilisikika sauti ya Mama Casilda, mbali, na upepo wa theluji nyuma yake. "Basilia, muulize kitu kimoja. Leo nina watu sita kwenye kamba na ukungu unakuja. Hizi betri, zitafika jioni? Ova."

Basilia alimnyooshea simu. Fulgencio aliishika. Uongo mzuri wa aina tatu ulikuwa tayari kwenye ulimi wake, umezoea njia. Aliminya, akangoja kidogo.

"Zitafika, mama," alisema. "Zilaze ndani ya koti. Nilichukua zile kubwa."

Akairudisha simu, akaifunga zipu ya koti, akateremka kuelekea kituo cha mabasi kwa miguu. Lilikuwa ndilo neno la kweli pekee alilowahi kulitoa katika mji wetu, na hakulipwa chochote.